Wewe ni wa nani? Swali linalomfuata mtoto chotara

Na Mwandishi Wetu

MAMA Mwafrika akipanda matatu ya kutoka Kitengela kwenda Nairobi akiwa amempakata mtoto mweupe kuliko yeye, mwenye nywele za singa, hafiki Athi River kabla ya kuulizwa maswali. Wenye adabu huanza kwa mbali: "Huyu ni wako?" Wasio na haya huenda moja kwa moja: "Babake ni Mzungu ama ni Mhindi?" Naye utingo, ambaye hakuna aliyemwomba maoni, husema kwa Sheng kwamba huyo ni "pointi faivu", na abiria wote huangua kicheko.

Mtoto naye ana masikio. Siku ya kwanza haelewi. Siku ya kumi anaelewa kwamba yeye ni kioja. Akifika darasa la tatu ameshajua kwamba kila atakapokwenda kutakuwa na mtu wa kumuuliza yeye ni wa nani, na kwamba jibu lolote atakalotoa halitamtosheleza muulizaji.

Makala haya yanahusu watoto hao, na hasa yale ambayo baadhi yao waliyafanya walipokuwa wakubwa. Wapo walioandika vitabu, wapo waliochora, na yupo mmoja, mwana wa mama Mmaasai, aliyekusanya sanaa ya bara zima na kuiweka mahali ambapo mimi na wewe tunaweza kuitazama.

Lakini tuanze na majina tunayowaita, maana Kiswahili hakijawatendea haki. Neno "chotara" lilitumiwa sana kwa mtoto wa Mhindi na Mwafrika kabla ya kuenea kwa kila aliyechanganya damu. "Suriama" ndilo baya zaidi, kwani limetokana na suria, mwanamke aliyewekwa nyumbani bila heshima ya ndoa, kana kwamba kila mtoto wa aina hiyo lazima mama yake alikuwa mtumwa wa mtu. Kuna "shombe", na kuna lile la "nusu-kasti" tulilorithi kwa wakoloni. Na hilo la "pointi faivu" la vijana, ingawa husemwa kwa mzaha, humaanisha kwamba mtu amepimwa akapatikana ni nusu tu. Nimetumia "chotara" humu kwa sababu ndilo neno ambalo wengi wao hulitumia wenyewe.

MPAKANI MWA KAJIADO NA UKAMBANI

Mtu anayedhani kuchanganya damu ni jambo la mijini na afike Mashuuru. Ukitoka Kitengela ukaelekea kusini-mashariki, unaingia katika nchi ya Wamaasai wa Ilkaputiei, nchi ya migunga na vumbi na ng'ombe, ambayo upande wake wa pili ni Makueni. Pale Mmaasai na Mkamba wamekuwa wakiibiana mifugo, wakifanya biashara na wakioana tangu zamani za mababu. Kando ya reli ya Mombasa, mahali kama Sultan Hamud, Wahindi walifungua maduka. Katika nyumba nyingi za eneo hilo kuna nyanya aliyezungumza lugha mbili, na kuna wajukuu ambao hawajui waseme wao ni nani karani wa serikali anapowauliza kabila.

Mila za Wamaasai kuhusu jambo hili si finyu kama wageni wanavyofikiri. Lugha ya Maa inalo neno "olmeeki" kwa Mwafrika asiye Mmaasai, na "olashumpai" kwa Mzungu, kwa hiyo mpaka upo. Hata hivyo wanahistoria wameeleza kwa kirefu jinsi koo za Wamaasai zilivyowapokea Wakikuyu, Wakamba na wengineo nyakati za njaa na vita, hata vizazi vyao vikawa Wamaasai kamili. Mtoto ni wa yule aliyetoa ng'ombe za mahari, na binti akizaa kabla hajaolewa, mtoto hukua katika boma la babu yake mzaa mama. Kwa kipimo hicho, rangi ya ngozi haikuwa jambo la kwanza kuulizwa. La kwanza lilikuwa: analelewa katika boma la nani?

Mambo yamekuwa magumu zaidi kwa sababu ya ardhi. Ranchi za pamoja zilizoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 1968 ziliandikisha wanachama, na walioandikishwa walikuwa wanaume wenye maboma. Ranchi zilipoanza kugawanywa, swali la "wewe ni wa nani" likawa na ekari ndani yake. Kijana ambaye baba yake ni mgeni aliyekwenda zake alijikuta hana jina kwenye daftari, hata kama amechunga ng'ombe wa babu yake miaka kumi. Yeyote anayesema kwamba asili ya mtu ni jambo la moyoni tu hajawahi kusimama kwenye mkutano wa kugawa mashamba.

MTOTO WA NJAMBIKI

Mwaka 1911 mfanyabiashara mmoja Mgoa, Peter Zuzarte, alipata mtoto wa kiume na mwanamke Mmaasai aliyeitwa Njambiki, binti wa Murumbi, mzee wa ukoo wa laiboni. Mtoto aliitwa Joseph Zuzarte. Akiwa bado mdogo baba yake alimpeleka India kusoma kwa mapadri na masista, na huko alikaa miaka mingi, mbali na mama na mbali na ng'ombe.

Aliporudi Kenya katika miaka ya 1930 alikuwa kijana msomi mwenye jina la Kireno, sura isiyo ya Kihindi wala ya Kimaasai, na nchi iliyopangwa kwa rangi kama kabati. Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na kila mmoja na hospitali yake, shule yake na mshahara wake. Mwanamume Mwafrika alitakiwa kuvaa kipande shingoni, Mhindi hakutakiwa. Kijana kama Joseph angeweza kujificha kwa baba yake akafaidi. Jina lilikuwepo tayari, na elimu ilikuwepo.

Alifanya kinyume. Alichukua jina la babu yake mzaa mama, akawa Joseph Murumbi. Msomaji, hebu pima uzito wa uamuzi huo. Leo kuna watu wanaobadilisha majina ili wapate visa. Huyu alibadilisha jina ili ashuke daraja mbele ya sheria.

Alifanya kazi Somalia chini ya utawala wa Waingereza, kisha akarejea na kujiunga na chama cha KAU. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 na viongozi wakakamatwa, Murumbi ndiye aliyeshika nafasi ya katibu mkuu. Mwaka uliofuata alitoka nchini, na kwa karibu miaka tisa aliishi uhamishoni, zaidi London, akiitetea Kenya kwenye mikutano ya wapinga ukoloni.

Huko London ndiko alikozidi kununua vitabu. Vitabu kuhusu Afrika, vilivyozeeka, vilivyoandikwa na wasafiri na wamishonari. Alikusanya stempu, vinyago, nguo, mapambo na barua. Fedha hazikuwa nyingi, lakini ugonjwa wa kukusanya haujui mshahara. Aliporudi mwaka 1962 alirudi na shehena.

Historia ya siasa yake ni fupi. Alikuwa waziri wa mambo ya nje, na Mei 1966, baada ya Jaramogi Oginga Odinga kujiuzulu, akawa makamu wa pili wa rais katika historia ya Kenya. Kabla mwaka haujaisha akaondoka. Rafiki yake mkubwa Pio Gama Pinto, naye mwenye asili ya Goa, alikuwa ameuawa kwa risasi Nairobi Februari 1965, na wengi waliomfahamu Murumbi wanasema moyo wake katika siasa ulikufa siku ile. Sababu iliyotangazwa ilikuwa afya.

Wanasiasa wengi wakitoka ofisini huanza kesi. Murumbi alianza duka la sanaa. Mwaka 1973, pamoja na Mmarekani Alan Donovan, alifungua African Heritage mjini Nairobi, mojawapo ya nyumba za kwanza barani kuweka pamoja na kuuza kazi za sanaa kutoka pande zote za Afrika. Vinyago vya Kongo vilikaa karibu na nguo za Nigeria, na shanga za Wamaasai karibu na fedha za Waethiopia. Nikiangalia orodha ya vitu alivyovikusanya, naona mtu aliyekuwa akikataa kuchagua upande. Yeye mwenyewe hakuwa mchoraji wala mchongaji. Kazi yake ya ubunifu ilikuwa kupanga vitu vya watu mbalimbali katika chumba kimoja, na kukiita chumba hicho nyumbani.

Sehemu kubwa ya mkusanyiko wake aliiachia serikali badala ya kuiuza ng'ambo, akitarajia nyumba yake ya Muthaiga iwe kituo cha masomo ya Afrika. Hilo halikutimia, na nyumba ilibomolewa. Alifariki Juni 1990 na kuzikwa City Park, Nairobi, karibu na kaburi la Pinto. Mabaki ya kazi yake, kwa bahati, bado yapo. Baadhi yamo Makavazi ya Taifa kwenye Barabara ya Moi, na mengine Nairobi Gallery, katika lile jumba la mawe lililojengwa mwaka 1913 ambalo baadaye lilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa.

Wakazi wa Kitengela nao wana sehemu yao karibu. Donovan, aliyefariki mwaka 2021, alijenga nyumba ya mtindo wa udongo wa Afrika Magharibi ng'ambo ya Mbuga ya Nairobi, akaijaza sanaa. Reli mpya ya kisasa ilipokaribia kuipitia, ilitangazwa kuwa turathi ya taifa mwaka 2016. Wengi wetu tumekuwa tukiipita kila siku kwenye Barabara ya Mombasa tukiwa tumesinzia.

Murumbi hakuwa peke yake. John Keen, mwanasiasa aliyejulikana sana Kajiado na aliyewahi kuwa mbunge wa Kajiado Kaskazini, alikuwa mwana wa baba Mjerumani na mama Mmaasai. Hadi alipofariki Desemba 2016 hakuna aliyemwita Mjerumani. Alikuwa Mmaasai mwenye jina la kigeni, na mtu aliyependa ugomvi wa Bunge kuliko kahawa ya asubuhi.

JINA LA BABA LINAPOUMA

Si kila chotara hukimbilia jina la mama kwa hiari. Mark Ndesandjo alizaliwa Nairobi, mwana wa Barack Obama mkubwa na mama Mmarekani, Ruth. Ndoa ilivunjika, mama akaolewa tena, na mtoto akakua na jina la baba wa kambo. Alisomea fizikia Marekani, kisha akahamia Shenzhen, China, ambako alipiga piano, akajifunza sanaa ya kuandika herufi za Kichina kwa brashi, na mwaka 2009 akatoa riwaya inayomhusu mtu aliyezaliwa na mama Mmarekani na baba Mkenya mkali wa mkono. Alisema hadharani kwamba baba yake alimpiga mama yake. Baadaye, alipoandika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2014, jina la Obama lilikuwa juu ya jalada.

Ndugu yake wa baba mmoja, Barack, alikuwa ameshaandika kitabu chake mwaka 1995, miaka 13 kabla ya kuchaguliwa rais wa Marekani, na safari ya kwenda Kogelo kutafuta kwao ndiyo kilele chake. Ndugu wawili, baba mmoja ambaye hakuna kati yao aliyemjua vizuri, na kila mmoja alilazimika kuandika kitabu kizima ili ajibu lile swali la utingo wa matatu. Nadhani hilo linatosha kutuonyesha swali lenyewe si dogo.

Na si la hisia tu. Hadi katiba mpya ilipopitishwa Agosti 2010, mama Mkenya aliyemzaa mtoto nje ya nchi na baba mgeni hakuweza kumrithisha uraia wake. Baba Mkenya aliweza. Uraia wa nchi mbili haukuruhusiwa kwa watu wazima, kwa hiyo kijana akifika umri huo alitakiwa kukana nusu ya ukoo wake mbele ya ofisa na kutia sahihi. Leo mtoto ni Mkenya ikiwa mmoja tu wa wazazi wake, mama au baba, ni Mkenya, popote alipozaliwa, na anaweza kushika pasipoti mbili. Wazazi ambao hawajafuatilia karatasi za watoto wao wafanye hivyo mapema.

KITAMBAA CHENYE MATUNDU

Kizazi cha sasa kimepata njia nyingine. Michael Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984, baba Mwingereza wa Yorkshire, mama Mkikuyu. Alisomea uchoraji London, na leo picha zake zimo katika majumba makubwa ya sanaa ulimwenguni. Mwaka 2019 alionyesha kazi zake Venice, na mwaka 2021 katika Royal Academy ya London.

Lililo la ajabu ni kile anachochorea. Wachoraji wa Ulaya hutumia kitambaa cha turubai. Armitage alikiona kitambaa cha magome ya mti, lubugo cha Waganda, kikiuzwa kwenye soko la watalii Nairobi. Lubugo hupondwa kwa nyundo za mbao kutoka gome la mti wa mutuba, na kwa Waganda ni kitu cha heshima, kinachotumika hata kusitiri maiti. Hakinyooki. Kina matundu na mishono, na rangi ya mafuta haiwezi kuyaficha. Armitage huyaacha. Ukitazama picha yake unaona uchoraji wa shule za Ulaya umelazimishwa kupita juu ya makovu ya gome la Kiafrika, na picha hukubali makovu yale yaamue mstari uende wapi. Mwaka 2020 alianzisha taasisi ya sanaa ya kisasa jijini Nairobi, NCAI, na katika maonyesho yake ya ng'ambo amebeba kazi za wazee kama Jak Katarikawe, Theresa Musoke na Sane Wadu.

Syowia Kyambi, ambaye jina lake litamfurahisha msomaji yeyote wa Makueni, ana asili ya Kikamba na Kijerumani. Sanaa yake ni ya mwili wake mwenyewe, udongo, kamba na sauti, na kazi yake moja kuhusu historia ya Kenya iliwekwa Makumbusho ya Nairobi mwaka 2007. Amebuni mhusika mtundu aitwaye Kaspale. Jina hilo limeunganisha Kasper, kikaragosi mjanja wa michezo ya watoto wa Kijerumani, na neno letu "pale". Kaspale huingia mahali ambapo hakualikwa, hasa kwenye kumbukumbu za wakoloni, na kuvuruga. Hapo utaona mtu aliyechukua kicheko cha abiria wa matatu akakigeuza kiwe chake, awe yeye anayecheka.

Waandishi wa Kiswahili nao hawakulikwepa jambo hili. Adam Shafi katika Vuta N'kuvute, riwaya iliyotoka mwaka 1999, alimweka binti wa Kihindi, Yasmin, katika mapenzi na Denge, mwanamapinduzi Mwafrika wa Zanzibar, na mwaka 2021 hadithi hiyo ikawa filamu mikononi mwa Amil Shivji. Wanafunzi wengi walioisoma shuleni wanakumbuka jinsi jamaa za Yasmin walivyomfungia mlango. Mlango huo haujafunguka kabisa, na sidhani kuna jamii hapa nchini inayoweza kusema yake haina kufuli.

USHANGA ULITOKA WAPI?

Turudi Kajiado. Hakuna kitu kinachotambulisha Umaasai duniani kama ushanga. Nyeupe ni maziwa, buluu ni mbingu, nyekundu ni damu na ushujaa. Lakini shanga hizo ndogo za kioo hazikutengenezwa Mashuuru wala Kajiado. Zililetwa na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, zikiwa zimetoka Venice na nchi ya Bohemia, na hadi leo akina mama wanaoshona kwa ajili ya kuuza huzipenda zile za Cheki kwa sababu zinalingana na hazipauki. Kioo ni cha Mzungu, biashara ilikuwa ya Mswahili na Mwarabu, na mkono uliokipa maana ni wa mama Mmaasai. Hakuna anayemwambia mama huyo kwamba mkufu wake ni nusu Mmaasai.

Hata lugha unayoisoma sasa ina ushahidi wake. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa chembechembe za urithi za watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili na maeneo jirani kati ya takriban mwaka 1250 na 1800. Wengi walikuwa na damu ya mama wa Kiafrika na baba kutoka Asia, hasa Uajemi, na mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000. Wajukuu wao hatuwaiti pointi faivu. Tunawaita Waswahili.

KWA WAZAZI

Mzazi mwenye mtoto wa aina hii nyumbani atauliza afanye nini. Kwanza, asimfundishe mtoto kujibu kwa upande mmoja ili kuwaridhisha majirani. Mtoto aliyenyimwa nyanya mmoja atamtafuta akiwa mkubwa, na kwa gharama. Ampe lugha zote mbili, hata kama moja itakuwa ya kuombea maji tu. Amwambie majina ya pande zote hadi kwa babu wa babu, na kama baba alikwenda zake, aambiwe hivyo bila matusi na bila hadithi za uongo. Watoto hugundua uongo wa namna hiyo kabla ya kubalehe.

Pili, ampe vifaa. Si lazima viwe vya ghali: daftari lisilo na mistari, udongo wa mtoni, uzi na shanga. Mwalimu mmoja wa chekechea aliwahi kunieleza kwamba mtoto chotara darasani kwake alipoambiwa ajichore, alikaa muda mrefu akitafuta rangi yake kwenye boksi la penseli. Hakuipata. Akachukua ya kahawia na ya njano, akazipaka moja juu ya nyingine, akabonyeza kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka, kisha akaomba karatasi nyingine.

Na wikendi ikiruhusu, mpeleke Makavazi ya Taifa pale Moi Avenue, ghorofa ya chini, mahali ilipo mikusanyo ya mwana wa Njambiki. Mwache atembee mwenyewe kati ya vinyago. Akiuliza ni vya nani, mwambie jina la mtu yule lote, la Kigoa na la Kimaasai.